Nafasi ya kiikolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tulikutana na nafasi ya kiikolojia kwenye somo la biolojia, tukaambiwa ni "kazi ya kiumbe katika mazingira yake", kisha somo likaendelea. Maelezo hayo si mabaya, ila yanaacha nje jambo lenye utamu kuliko yote: nafasi ya spishi haikai palepale. Hupanuka, hubanwa na hata kubadilika sura kutegemea nani anaishi jirani. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye swali moja: jirani akiondoka, au akiingia mgeni, nini hutokea?

Nafasi ya kiikolojia ni nini hasa?

Ni jumla ya hali na mahitaji yanayoiwezesha spishi kuishi na kuzaliana kizazi baada ya kizazi, pamoja na yale ambayo spishi hiyo huwafanyia viumbe wengine. Humo mna joto na baridi inayoweza kuvumilia, unyevu, kiasi cha chumvi majini, aina na ukubwa wa chakula, saa za kukitafuta, mahali pa kuzalia, maadui, vimelea, na kwa mimea hata wadudu wanaobeba chavua.

La kushikilia zaidi ni kuzaliana. Mti wa bustanini unaweza kumwagiliwa na kutunzwa ukaishi miaka mingi, lakini kama mbegu zake hazioti zenyewe mahali hapo, mti huo uko nje ya nafasi yake. Kumwona kiumbe mahali fulani hakutoshi kuthibitisha kwamba pahali hapo panamfaa.

Je, si sawa na makazi?

La. Makazi ni mahali, na nafasi ni namna ya kuishi mahali hapo. Makazi mamoja huchukua nafasi nyingi. Tazama mzoga wa nyumbu katika savana. Tumbusi wa spishi mbalimbali hutua juu yake, na kwa mtu aliye mbali wote wanakula kitu kimoja. Sogea karibu. Tumbusi wa Rüppell na tumbusi wa mgongo mweupe hupenyeza shingo zao ndefu ndani ya mzoga na kuvuta nyama laini. Yule mkubwa mwenye mikunjo ya ngozi kichwani ana mdomo wa nguvu, naye huchana ngozi na kukata kano zinazowashinda wenzake. Wadogo wenye midomo myembamba huzunguka pembeni wakidonoa vipande vilivyodondoka na masalio yaliyogandamana na mifupa. Na kwenye nchi za milima yuko tumbusi mwenye ndevu, ambaye chakula chake kikuu ni mifupa yenyewe. Ile mikubwa huipandisha angani na kuiachia ipasuke kwenye mawe.

Dhana hii ilitoka wapi?

Joseph Grinnell, Mmarekani aliyechunguza ndege na wanyama wa California, aliitumia mwaka 1917 katika makala kuhusu ndege mmoja wa kahawia mwenye mdomo uliopinda, anayependa kukimbia chini ya vichaka kuliko kuruka. Grinnell aliona kwamba mabawa mafupi, miguu imara na rangi ya ndege huyo vinaeleweka tu ukikifikiria kichaka anamoishi.

Mwaka 1927 Mwingereza Charles Elton aliitazama kwa upande mwingine: kiumbe anakula nini, na analiwa na nani. Alitoa mfano wa mbweha wa Aktiki, anayekula mayai ya ndege wa baharini na mabaki ya sili walioachwa na dubu weupe, akamlinganisha na fisi madoa wa Afrika, anayekula mayai ya mbuni na mabaki ya punda milia walioachwa na simba. Wanyama wawili wasio na undugu wa karibu, kwenye pembe mbili za dunia, wanashika nafasi inayofanana.

Kisha mwaka 1957 akaja G. Evelyn Hutchinson na wazo la vipimo. Chukua joto, alisema, na uweke kiwango cha chini na cha juu ambacho spishi inaweza kuishi nacho. Fanya hivyo kwa unyevu, kwa ukubwa wa mbegu, kwa kina cha maji, kwa kila jambo lenye maana kwa kiumbe huyo. Ukiviunganisha vipimo vyote unapata umbo lenye pande nyingi kuliko tunavyoweza kuchora, na ndani yake ndimo spishi inamoweza kudumu. Mfano wa Elton ndio unaokaa kichwani, lakini Hutchinson ndiye aliyewapa wanaikolojia kitu cha kupima, na bila kipimo dhana hii ingebaki maelezo mazuri yasiyoweza kujaribiwa.

Nafasi ya msingi na nafasi halisi zinatofautianaje?

Nafasi ya msingi ni hali zote ambazo spishi ingeweza kuishi ndani yake kama wengine wasingeisumbua. Nafasi halisi ni ile inayobaki baada ya washindani, wala nyama na magonjwa kuchukua chao. Hutchinson ndiye aliyezitenganisha, na muda mfupi baadaye Joseph Connell akaonyesha tofauti hiyo kwa macho kwenye mawe ya pwani ya Scotland.

Kwenye mawe hayo huishi vijinyama viwili vya magamba, jamaa za kaa na kamba, ambao wakishaganda kwenye jiwe hawahami tena: Chthamalus na Balanus. Chthamalus wazima walikuwa juu, karibu na mwisho wa maji yanapojaa. Balanus walikuwa chini yao. Mtu angesema haraka kwamba kila mmoja amepata kina anachokipenda. Connell hakuridhika. Aliwaondoa Balanus kwenye baadhi ya sehemu, akafuatilia mmoja mmoja wale waliobaki. Chthamalus waliishi vizuri hata chini, mahali ambapo kwa kawaida hawaonekani wakiwa wazima. Kumbe walikuwa wanafika huko tangu wakiwa wachanga, lakini Balanus wanaokua upesi waliwafunika, wakawabana, na wengine kuwang'oa kabisa kwenye jiwe. Kwa upande wa juu mambo yalikuwa tofauti: Balanus hawakuweza kupanda kwa sababu huko hukaa muda mrefu bila maji na kukauka, jambo ambalo Chthamalus wanalivumilia zaidi.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1961, yanastahili kusomwa polepole. Mpaka mmoja uliwekwa na jua na upepo, na mwingine uliwekwa na jirani. Kwa kutazama tu mawe yale hungeweza kujua upi ni upi.

Je, jirani hubana nafasi tu, au anaweza pia kuipanua?

Anaweza kuipanua, na upande huu hauzungumzwi vya kutosha. Mimea mingi hufikia fosforasi ya udongoni kwa msaada wa kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake. Matumbawe hujenga miamba kwenye maji yenye virutubishi haba kwa sababu ya vijimea vidogo vinavyoishi ndani ya mwili wao na kuwatengenezea sukari. Maji yakipata joto kupita kiasi, matumbawe huvipoteza vijimea hivyo na kuwa meupe. Hali ikiendelea, hufa. Ondoa mshirika, na nafasi husinyaa.

Kwa nini husemwa kwamba spishi mbili haziwezi kushika nafasi moja?

Kauli hiyo hutegemea majaribio ya Georgy Gause, Mrusi aliyefuga viumbe wa seli moja waitwao paramesia kwenye vichupa, na kuchapisha kazi yake mwaka 1934. Paramecium aurelia na Paramecium caudatum, kila mmoja akiwa peke yake, walistawi. Walipowekwa pamoja na kulishwa bakteria wale wale, aurelia aliendelea na caudatum akapungua hadi akatoweka. Lakini caudatum alipowekwa na Paramecium bursaria, wote wawili walibaki: mmoja alikula zaidi bakteria waliokuwa wakielea, mwingine alikula hamira iliyotua chini.

Sehemu hiyo ya pili ina uzito sawa na ya kwanza, ingawa mara nyingi huachwa. Kichupa kidogo cha kioo kilitosha kuwa na nafasi mbili. Na kauli yenyewe ina masharti: spishi moja huiondoa nyingine ikiwa zote zinategemea kitu kile kile kisichotosha, katika mazingira yasiyobadilika, kwa muda wa kutosha. Porini masharti hayo hayatimii mara nyingi.

Basi spishi zinazofanana huwezaje kuishi pamoja?

Kwa kugawana, na njia za kugawana ni nyingi.

Ya kwanza ni sehemu. Robert MacArthur alichunguza spishi tano za ndege wadogo wala wadudu kwenye misitu ya misonobari ya kaskazini mashariki mwa Marekani, akachapisha alichokiona mwaka 1958. Ndege hao wanakaribiana kwa ukubwa, wote hula wadudu, na huonekana kwenye miti ile ile. Aliugawa mti katika kanda 16, kwa kimo na kwa umbali kutoka kwenye shina, akahesabu sekunde ambazo kila ndege alitumia kila kanda. Mmoja alikuwa zaidi kwenye ncha za juu, mwingine katikati karibu na shina, mwingine sehemu za chini. Hakuna aliyekuwa na ukuta, kanda zao ziliingiliana, ila kila mmoja alikuwa na pake alipopategemea zaidi.

Ya pili ni wakati. Bundi na mwewe wanaweza kuwinda panya kwenye uwanja mmoja, mmoja usiku na mwingine mchana. Hata hivyo tahadhari hapa: kama panya ni wale wale, anayeliwa mchana hayupo tena usiku. Kugawana saa huleta nafuu kubwa zaidi pale chakula chenyewe kinapotofautiana kwa saa, au pale kukutana ana kwa ana ndiko kwenye hatari.

Ya tatu ni chakula chenyewe, na hapa wala nyasi wa Afrika Mashariki wamefundisha mengi. Katika Serengeti punda milia huweza kula nyasi ndefu zenye mabua magumu, kwa sababu chakula hupita haraka tumboni mwao na wanafidia ubora kwa wingi. Nyumbu, anayecheua, huhitaji majani laini zaidi. Swala tomi mwenye mdomo mdogo huchagua machipukizi na vijimea vya chini vilivyofichuliwa baada ya wakubwa kupita. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba tofauti kubwa ni hiyo tu ya kimo na sehemu ya nyasi. Kisha mwaka 2015 yakachapishwa matokeo kutoka Laikipia, Kenya, ambako watafiti walisoma DNA (chembe za urithi) ya mimea ndani ya kinyesi cha spishi saba za wanyama, miongoni mwao tembo, nyati, digidigi na ng'ombe. Ilionekana kwamba wanyama hao walitofautiana hadi kwenye spishi za mimea walizokula. Hata punda milia wa kawaida na punda milia wa Grevy, ambao wote ni wala nyasi, hawakuwa na sahani moja.

Na twiga? Tumezoea kusikia kwamba anakula juu kwa sababu shingo yake ni ndefu. Watafiti nchini Afrika Kusini walizungushia miti ua unaozuia wala majani wadogo lakini si twiga, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Majani ya chini yalipoachwa bila kuguswa na swala, twiga hawakuwa tena na sababu ya kupendelea ya juu. Majani ya juu yalikuwa na faida kwa sababu ya chini yamekwisha kuchumwa na wengine.

Kuna pia kugawana kwa ugomvi. Kwenye migunga ya Laikipia yenye vinundu kwenye miiba huishi spishi nne za sisimizi, na kwa kawaida mti mmoja huwa na kundi moja tu. Spishi moja inayoshindwa vita kwa urahisi huharibu tezi za utomvu mtamu za mti wake, na mti huo hupunguza mvuto kwa sisimizi wenye nguvu. Nyingine hukata machipukizi ili matawi yasigusane na mti wa jirani na kuwa daraja la wavamizi. Kwa kufanya hivyo huuzuia mti kutoa maua.

Mbona kijiko cha maji ya ziwa kina spishi nyingi za vijimea zinazotaka mwanga na virutubishi vile vile?

Hutchinson aliuliza hivyo hivyo mwaka 1961. Sehemu ya jibu ni kwamba mazingira hubadilika kabla mshindi hajamaliza kazi: upepo huchanganya maji, mawingu hupita, virutubishi hupanda na kushuka. Sehemu nyingine ni maadui, kwani virusi na vijidudu walaji hushambulia zaidi spishi iliyokuwa nyingi na kuipa nafuu iliyo adimu.

Wazo la namna hiyo limetumika pia kwa misitu ya tropiki. Daniel Janzen mwaka 1970 na Connell mwaka 1971 walipendekeza, kila mmoja kivyake, kwamba mbegu na miche iliyo karibu na mti mama hufa zaidi kwa sababu wadudu na magonjwa yanayoupenda mti huo yamejaa hapo, na hivyo miti ya spishi nyingine hupata pa kuota. Stephen Hubbell akaenda mbali zaidi mwaka 2001 kwa kudai kwamba wingi wa miti mingi ya misituni unaweza kuelezwa kwa bahati tu, bila tofauti za nafasi. Mimi nalihesabu dai hilo kuwa kipimo kizuri cha kuanzia kuliko maelezo kamili: linatulazimisha tuthibitishe kila tofauti tunayoidai badala ya kuidhania.

Je, mla nyama naye hugawa nafasi za wengine?

Sana. Robert Paine alikuwa akiwaondoa viti vya pweza, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, kwenye kipande cha mwamba wa pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Viti vya pweza hao hula kome. Walipoondolewa, kome walitanda na kuwasukuma wengine nje, na katika ripoti yake ya mwaka 1966 spishi alizokuwa akizifuatilia zilikuwa zimeshuka kutoka 15 hadi 8. Kome walikuwa na uwezo wa kuuchukua mwamba siku zote. Kilichowazuia ni kuliwa.

Nafasi ya kiumbe hubadilika anapokua?

Kwa wengi, ndiyo. Kiluwiluwi wa chura huishi majini akikwangua mwani, na chura mzima huwinda wadudu. Kiwavi hutafuna majani, kipepeo hunyonya utomvu wa maua. Hii ina maana kwamba spishi moja inaweza kufungiwa njia katika hatua moja tu ya maisha: kidimbwi kikikauka mapema, wingi wa wadudu msituni haumsaidii chura.

Kuna ubora gani kuwa mchaguzi wa chakula au mazingira?

Wasiochagua, kama panya, kunguru na nyani, huonekana kuwa washindi kwa sababu tunawaona kila mahali. Lakini mazingira yakitulia, mchaguzi hushinda kwa ustadi. Majani ya mikaratusi ni magumu, yana lishe duni na kemikali za sumu; koala anayaweza, na washindani wake mezani ni wachache. Hatari inakuja mazingira yanapobadilika haraka kuliko mchaguzi anavyoweza kubadilika. Mtu anayemlaumu panda kwa kutegemea mianzi anasahau kwamba mianzi ilikuwa tele kwa muda mrefu sana kabla misitu haijakatwa.

Je, ushindani unaweza kubadilisha maumbile ya spishi?

Ndiyo, na ushahidi ninaouona kuwa mzuri kuliko wote unatoka Daphne Major, kisiwa kidogo cha Galápagos ambako Peter na Rosemary Grant walipima ndege wala mbegu kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1977 ukame mkali uliipiga Daphne. Mbegu ndogo zilikwisha, zikabaki kubwa na ngumu. Ndege wa spishi iitwayo Geospiza fortis wenye midomo mikubwa waliweza kuzipasua, wenye midomo midogo wakafa kwa wingi, na kizazi kilichofuata kikawa na midomo mikubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1982 spishi kubwa zaidi, Geospiza magnirostris, ilianza kuzaliana kisiwani hapo. Kisha ukaja ukame mwingine wa mwaka 2003 na 2004. Kisiwa ni kile kile, spishi ni ile ile, njaa ni ya namna ile ile. Lakini safari hii mbegu kubwa zilikuwa zimeliwa na mgeni mwenye mdomo mkubwa zaidi. Waliokufa zaidi wakawa fortis wenye midomo mikubwa, na wastani wa mdomo ukashuka. Ukame mmoja ulisukuma midomo juu, mwingine ukaisukuma chini, na tofauti kubwa kati yake ilikuwa kuwepo kwa jirani.

Kwa bakteria mambo hayo huonekana kwa siku chache. Paul Rainey na Michael Travisano walionyesha mwaka 1998 kwamba aina moja ya Pseudomonas fluorescens ikiachwa kwenye kichupa kilichotulia huzaa aina tofauti: baadhi hukaa ndani ya mchuzi, wengine hutandaza utando juu karibu na hewa. Kichupa kikitikiswa muda wote, utofauti huo haujengeki, kwa sababu kutikisa hufuta tofauti ya juu na chini.

Je, kuna nafasi tupu zinazosubiri mtu wa kuzijaza?

Wanaikolojia wamebishana sana hapa. Kama nafasi hufafanuliwa na spishi, basi bila spishi hakuna nafasi. Hata hivyo riziki isiyotumika ipo, na mfano wake mzuri ni mabuu wanaojificha ndani ya mbao. Mahali pengi duniani huwindwa na vigogota. Madagaska haina vigogota. Huko aye-aye, mnyama wa jamii ya lemuri, hugonga mti kwa kidole, husikiliza, hutoboa kwa meno na kuwachokoa mabuu kwa kidole chembamba ajabu. Galápagos nako havipo. Kuna ndege anayetumia kijiti au mwiba kuwatoa wadudu matunduni. New Guinea nako havipo, na huko mnyama mmoja mwenye mfuko na milia ana kidole kirefu cha kazi hiyo hiyo. Si kila mahali pasipo vigogota pamepata mbadala, kwa hiyo nisingesema mabuu "wanasubiri". Lakini pale njia hiyo ya maisha ilipokuwa wazi, imeingiwa zaidi ya mara moja na viumbe wa koo mbalimbali.

Spishi ngeni huingiaje mahali ambapo nafasi zote zinaonekana kushikwa?

Mara nyingi kwa kuwaacha maadui wake nyuma. Magugu maji yalitoka Amerika Kusini, na yalipofika kwenye maziwa ya Afrika hayakukuta wadudu wanaoyala kwao. Ndiyo maana moja ya njia za kuyapunguza imekuwa kuleta fukusi wa kundi la Neochetina, walaji wake wa asili: ni kumrudishia mgeni jirani aliyemkimbia.

Kisa cha sangara katika Ziwa Victoria ni kikubwa zaidi. Aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka ghafla miaka ya 1980. Ziwa hilo lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, samaki wadogo waliogawana riziki kwa namna ya kustaajabisha: wala konokono, wala mwani, wala vijidudu vinavyoelea, wala matope, wala samaki wachanga. Mamia ya spishi hizo zilitoweka au zikawa adimu mno. Sangara hakuwa peke yake katika hilo, kwani maji yalikuwa yakichafuka kwa virutubishi na kupungukiwa hewa na mwanga, na furu huchagua wenzi kwa rangi, jambo gumu kwenye maji yenye kiza. Walipopungua furu wanaokula vijidudu vinavyoelea, dagaa waliongezeka; walipopungua wala matope, uduvi waliongezeka. Walioongezeka walikuwa ziwani tangu zamani, wamebanwa. Baadaye baadhi ya furu walianza kurejea, hasa wale wanaokula vijidudu vinavyoelea.

Spishi inaweza kujitengenezea nafasi yake?

Inaweza, na huwatengenezea wengine pia. Biva, mnyama mgugunaji wa mitoni, hujenga bwawa kwa miti aliyoiangusha, na bwawa hilo huleta samaki, vyura na ndege wasioweza kuishi kwenye kijito cha kasi. Mchwa hubadilisha udongo wa kichuguu na kuzunguka kichuguu, na mimea inayoota hapo hutofautiana na ya kando.

Mnyororo huo unaweza kuwa mrefu kuliko mtu anavyodhani. Turudi kwenye migunga ya Laikipia. Sisimizi wenyeji huwauma tembo na kuilinda miti. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa walipoingia, waliwaua wenyeji bila kuulinda mti, na tembo wakaanza kuivunja migunga. Uwanda ukawa wazi, simba wakakosa pa kuvizia, na ikawa vigumu kwao kuwapata punda milia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba simba wa eneo hilo waligeukia nyati zaidi. Chakula cha simba kilibadilika kwa sababu ya mdudu anayeishi kwenye mwiba.

Mabadiliko ya tabianchi yanafanya nini kwa nafasi hizi?

Hali zinazofaa zinahama, na kila spishi huzifuata kwa mwendo wake. Kati ya 1914 na 1920 Grinnell na wenzake waliorodhesha wanyama wa Yosemite, eneo la milima huko California, kwa kimo walikopatikana. Karibu karne moja baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walirudi kwenye maeneo yale yale, wakachapisha matokeo mwaka 2008: kati ya spishi 28 za wanyama wadogo walizozifuatilia, nusu zilikuwa zimesogeza mipaka yao kwenda juu, kwa wastani wa mita 500 hivi. Nusu nyingine hazikufanya hivyo. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu majirani waliozoeana wanatenganishwa na wengine wasiojuana wanakutanishwa. Ramani za kubashiri zinazotumia joto na mvua pekee haziwezi kuonyesha nini kitatokea wakikutana.

Nikitaka kuchunguza mwenyewe, nianzie wapi?

Chagua spishi mbili zinazofanana zinazopatikana mahali pamoja: ndege wawili wa mti mmoja, buibui wawili wa ukuta mmoja, magugu mawili ya kiwanja kimoja. Andika kila unapowaona: saa, kimo, sehemu ya mti au ya ukuta, wanakula nini. Usiandike yale yanayovutia tu. Andika kila mara unapotazama, hata pale usipoona kitu.

Ukiwa na rekodi za kutosha, tafuta mahali pengine ambapo mmoja wao hayupo, ukafanye vile vile. Kama yule aliyebaki anatumia sehemu ambazo hakuzitumia kule kwingine, umepata dalili ya ushindani. Bado ni dalili, kwani huenda mahali hapo panatofautiana kwa mambo mengine, kama kivuli au unyevu, kwa hiyo linganisha maeneo kadhaa kabla ya kuamua. Kwa mimea unaweza kwenda hatua moja mbele: ng'oa spishi moja kwenye vipande vichache vya ardhi ulivyovichagua kwa kura, uache vingine kama vilivyo, urudi msimu unaofuata na kuhesabu.